Herufi na Bango la Vita

Mchoraji mabango wa mtaa wetu tulimwita Herufi, na alikuwa mtu wa vita. Sisemi alikuwa mgomvi. Kwa mikono yake hakuwahi kumgusa mtu, na bata wa jirani akimtokea uchochoroni, Herufi alirudi kinyumenyume akatafuta njia nyingine. Lakini nchi yetu ilipoanza kugombea kile kilima cha mpakani na nchi ya pili, Herufi alitangulia mbele kuliko hata serikali.

Kilima chenyewe hakuna kati yetu aliyewahi kukiona. Redio yetu ilisema ni chetu. Redio ya wenzetu, ambayo ilishika vizuri kuliko ya kwetu, ilisema ni chao. Mimi nilikuwa natengeneza feni na pasi katika kibanda kilichopakana na chake, tumetenganishwa na bati tu, kwa hiyo vita vile nilivisikia vyote kabla havijaanza. Mteja akija kuandikiwa "Chumba kinapangishwa", Herufi aliweka brashi chini kwanza, amweleze hali ya mpakani. Ukuta wa nyuma wa kibanda aliujaza mishale myekundu: jeshi letu linaingia huku, linazungukia huku, wao wanakimbilia kule.

"Na wasipokimbilia kule?" nilimuuliza siku moja.

"Watakwenda wapi? Mshale si umeshaelekea kule?"

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali kuu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo watu huitii kabla hawajaielewa. Pamoja nao aliishi mama mkwe, aliyekuja kutibiwa goti. Goti lilipona, mwenyewe akabaki. Herufi alimheshimu mama mkwe wake kupita kiasi. Akimsikia anakuja, alishusha miguu kwenye kochi hata kama hakuwa ameipandisha.

"Nchi isiyopigana hudharauliwa," Herufi alianza siku moja mezani.

"Utakwenda wewe?" mkewe akauliza.

"Mimi umri umenipita."

"Basi aende mama, maana goti lake limepona."

"Mimi niacheni nile," mama mkwe akasema.

Herufi akakunja uso. "Nazungumza kama raia. Mtu ana haki ya kuwa na maoni yake."

"Na mimi nina yangu. Leo nimelaza wazazi wawili wawili kwenye kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule, kama viatu ndani ya boksi. Wakipata cha kununulia bomu, wanipe na mimi cha kununulia vitanda. Halafu wapigane mpaka wachoke."

"Hayo ni mambo ya ndani, mke wangu. Sisi tunazungumzia mambo ya nje."

"Na hao wa mambo ya nje huzaliwa wapi?"

Herufi akamega mkate, akautafuna muda mrefu kuliko mkate ule ulivyohitaji.

Wakati huo mwenye bucha wa mtaa wetu, tuliyemwita Jemadari, alikuwa ameunda kamati ya maandamano ya kuunga mkono vita. Usidanganywe na jina. Jeshini Jemadari alifika mara chache, tena lango la nyuma, kupeleka nyama. Jina alilipata kwa jinsi alivyowapanga wateja wake foleni. Ubishi hakuuruhusu: ukichagua paja akaamua leo unakula mbavu, ulikula mbavu. Alimtaka Herufi aandike bango kubwa kuliko yote aliyowahi kuandika: TUNATAKA VITA SASA. Herufi alikubali kuliandika bure, kwa ajili ya nchi.

Kibanda chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo kitambaa alikitandika nyumbani, koridoni, kuanzia mlango wa jikoni hadi mlango wa mbele. Shida ni kwamba koridoni ndipo upepo ulipopita, na penye upepo ndipo mama mkwe alipoketi juu ya kigoda chake kuchambua maharage. Wakati kitambaa kinatandikwa aliinua miguu, kitambaa kikapita chini yake, akaishusha, akaendelea na maharage.

Herufi akaandika TUNATAKA. Akaandika VITA. Alipoinua kichwa, akajikuta uso kwa uso na kigoda.

Sasa niambie, ni mkwe gani atamwambia mama mkwe wake, "Sogea"? Herufi alisimama na brashi mkononi, rangi ikimdondokea kwenye kidole cha mguu. Akakohoa kidogo.

"Hujambo hapo, mama?"

"Sijambo, baba. Hapa pana upepo mzuri sana."

Basi akatoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyumba nzima, akaingia kwa mlango wa mbele, akaandika SASA upande wa pili wa mama mkwe. Maharage yalipokwisha na mama akainuka, katikati ya VITA na SASA palibaki pengo la mtu mzima.

"Hiyo ni pumzi," alinieleza kesho yake. "Msomaji anavuta pumzi hapo, ndipo anaitamka SASA kwa nguvu."

Mkewe aliporudi kutoka zamu alilikuta bango limetandazwa likikauka. Akalisoma lote akiwa amesimama na mkoba begani. "Kitambaa hiki kingetoa mashuka mangapi?" akauliza, akaruka herufi moja moja hadi chumbani.

Siku iliyofuata binti yao alishikwa na uchungu. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini, kwa hiyo Herufi ndiye aliyempeleka hospitali. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe, zaidi ya mara moja, na kila mara aliona aibu mahali palepale.

Alisubiri nje hadi alipoitwa: mjukuu wa kike, salama, mama yake salama. Akaingia wodini kwa furaha, akaona kitanda alichoonyeshwa, akaona mguu umechomoza kwenye shuka. Akaugonga-gonga kwa upole. "Pole, mwanangu. Umenifanya babu."

"Asante, mzee," ikajibu sauti asiyoijua.

Kumbe binti yake alikuwa upande wa pili, ukingoni kabisa, ameshikilia chuma cha kitanda asianguke. Mwenye mguu alikuwa mwanamke mwingine, mnene, mpole, naye amejifungua asubuhi ileile. Watoto wawili walikuwa wamelazwa katikati, wamebanana kama mikate kwenye trei.

Karibu na ukuta alisimama kijana aliyevaa sare za jeshi. Alikuwa mume wa yule mwanamke, na alisimama kwa kuwa kiti hakikuwepo. Herufi alipoziona zile sare, aibu ya mguu ikamtoka yote.

"Mwanangu! Habari za mpakani? Mko tayari?"

"Mpakani sijafika, mzee. Tumeambiwa tufunge mizigo."

"Uko kwenye mizinga?"

"Niko kwenye masufuria. Napikia kikosi."

Herufi hakukata tamaa. "Lakini wewe mwenyewe, moyoni mwako, unaonaje? Twende vitani au tusiende?"

Kijana aligeuka kuangalia nyuma yake, kama swali lilikuwa la mtu mwingine. "Mimi sijawahi kuulizwa, mzee," akasema. Akafikiri. "Nikiulizwa leo, naona kwanza huyu apate pa kujinyoosha. Tangu ajifungue analalia ubavu mmoja."

"Mwenzangu ananionea huruma mimi, baba," binti yake akasema kutoka kule ukingoni. "Kila nikiteleza ananivuta."

Wakati huo mkewe alipita na trei ya dawa. Alimtazama mumewe, akamtazama askari, akatazama kitanda, akaenda zake.

"Angesema neno ningemjibu," Herufi aliniambia. "Lakini alipita tu."

Alirudi nyumbani, akalikunjua bango koridoni, akakaa kando yake kama mtu anayemlinda mgonjwa. Maandamano yalikuwa kesho. Mama mkwe akaja na kigoda chake, akasimama, akalitazama lile pengo.

"Baba, hapa nilipokaa mbona pako wazi?"

"Hapana neno, mama. Ni pumzi."

"Pumzi gani? Kesho mji mzima utajua kuwa mama mkwe wako alikukalia njiani. Nitaficha wapi uso wangu? Niandikie kitu hapo."

"Niandike nini, mama?"

"Kusoma kwangu si kwingi. Andika chochote kinachoenea."

Herufi akapima pengo kwa kiganja. Zilienea herufi tatu. Aliniambia kwamba mkono wake ulitaka kuchora bunduki ndogo, tena ingependeza. Akakaa na brashi mpaka rangi ikaanza kukauka kwenye manyoya yake. Kisha akainama, akaandika N, akaandika D, akaandika A. Akazipuliza zikauke, akalikunja bango upesi kabla woga haujamrudia.

Asubuhi mimi ndiye niliyeshika mti wa kushoto wa bango. "Usiulize," Herufi aliniambia, "shika tu." Tulitembea bango likiwa limekunjwa hadi uwanja wa mji, Jemadari akiwa mbele yetu na kipaza sauti, ametugeuzia mgongo.

"Tunataka vita!" akapaza.

"Vita!" tukaitika.

Tulipofika uwanjani tukalikunjua. Aliyeshika bango halisomi, haoni ila mgongo wake, kwa hiyo nilichokiona mimi ni nyuso za watu waliosimama barabarani. Zilikunjamana, kisha zikafunguka. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akaanza kupiga makofi. Wauguzi waliokuwa wanatoka zamu wakasimama. Mtu akacheka, mwingine akasoma kwa sauti kubwa, na neno likaenda mbali nyuma ya umati kuliko tulivyoweza kwenda sisi.

"Tunataka vita!" Jemadari akapaza.

"Nda!" umati ukaitika.

Jemadari alipendezwa mno. Alidhani ni kelele mpya ya kijeshi. Akainua ngumi juu zaidi. "Tunataka vita!"

"Nda!"

"Vita!"

"Nda!"

Jukwaani alikuwepo Mheshimiwa, mbunge wetu, ameshika hotuba yake juu ya ushujaa wa vijana. Akalitazama bango. Akaitazama hotuba. Akamnong'oneza msaidizi wake, msaidizi akainua mabega. Hotuba ikakunjwa, ikaingia mfukoni.

"Ndugu wananchi," akasema, "kilio chenu nimekisoma. Akina mama zetu hawawezi kuendelea kulala hivi." Akaahidi vitanda, wapiga picha wakamulika, akamwita mwenyekiti wa kamati ya vitanda apande kupongezwa.

Jemadari alipogeuka kuona huyo mwenyekiti ni nani, ndipo akaliona bango. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kwa hiyo mji mzima ulimsikia akiishiwa na maneno.

Mchana alikuja kibandani na aproni yake ya bucha. Mimi nilijifanya nafungua feni.

"Umenisaliti," alimwambia Herufi. "Umeisaliti na nchi."

Herufi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mishale yake. "Sikukusaliti. Nilikuwa na maoni, nikayaona yamepungua, nikayaongezea."

"Maoni gani hayo?"

"Naona tusiende. Woga ninao, sikufichi, lakini sababu si woga. Nimemwona anayetakiwa kwenda. Ni mpishi. Mkewe analala kitanda kimoja na binti yangu, na anamvuta asianguke."

"Na kilima?"

"Kilima kipo."

"Wakikichukua?"

Herufi akajikuna kichwa kwa mpini wa brashi. "Hapo sijui," akasema. "Kweli sijui, bwana mkubwa. Ila jana nilikuwa najua kila kitu, na nilikuwa nimekosea."

Jemadari alihema. Nilidhani atapindua meza ya rangi. "Mifupa," akasema hatimaye. "Kuanzia leo, kwangu utauziwa mifupa." Na kwa muda mrefu ilikuwa hivyo.

Usidhani bango lile ndilo lililozuia vita. Wakubwa wa nchi zote mbili walikutana mahali penye maji ya chupa na maua mezani, wakazungumza mpaka redio zote mbili zikachoka, wakatoka wameshikana mikono. Huko hakuna aliyejua kama duniani kuna mtu anaitwa Herufi. Kilima hadi leo kipo kwenye ramani zao na kwenye ramani zetu. Yule askari alifungua mizigo, akarudi kwenye masufuria.

Vitanda navyo vilikuja, pungufu ya ahadi, tena vipande vipande. Kwa kuwa picha ya Jemadari ilikuwa imetoka gazetini kama mwenyekiti, ilimbidi avipokee. Akatoa hotuba nzuri sana kuhusu akina mama, mwishoni hata yeye macho yakalowa. Halafu ikaonekana hakuna wa kuviunga, na mwenye spana mtaani nilikuwa mimi. Tuliviunga wodini siku nzima, Jemadari akiwa chali chini ya kitanda, akiniamuru nikaze nati ambayo yeye ndiye aliyekuwa ameishika.

Jioni hiyo mke wa Herufi alirudi kutoka zamu, akaketi kwenye kochi bila kuvua viatu. Hakumshukuru mumewe kwa lolote, wala Herufi hakutegemea.

"Leo kila mtu amelala kwake," akasema, akafumba macho.

Herufi alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha chai alichomtilia. Akangoja kidogo. Alipoona usingizi umeshamchukua, akaketi pembeni yake polepole asitikise kochi, akainywa chai mwenyewe.