Bunduki ya Mama na Risasi Zake

Juzi nilipeleka redio kwa fundi, kwenye jengo moja refu la Kariakoo. Kijana hata hakuifungua. "Dada, hii tupa tu, nunua nyingine." Nikashuka ngazi nimechoka kama niliyebebeshwa gunia. Chini, mtu alikuwa akichomelea waya, moshi ukanipiga puani. Nikasimama. Kama umekulia mitaa hii, unaujua moshi ule.

Mama yangu alikuwa fundi redio. Meza yake ilikaa kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga, na chombo chake kikuu kilikuwa bunduki. Ndivyo mafundi walivyokiita kile kichomeleo cha umeme chenye kitufe cha kubana kwa kidole na ncha ya shaba iliyopinda. Waya laini uliokuwa ukiyeyuka pale nchani waliuita risasi. Mama hakubana kitufe muda mrefu. Alihesabu moja hadi tano, akaachia. Ncha aliifuta kwa sponji yenye maji, akaipaka risasi mpya isiliwe na moto. Kabla ya kukaza nati za ncha, alichomoa waya ukutani. Na hata awe hoi namna gani, hakugusa ugali kabla ya kunawa kwa sabuni.

Siku moja mwalimu alituuliza kazi za wazazi wetu. Nikasema mama ana bunduki, na risasi anafuata Buguruni.

Jioni mwalimu akaja na mjumbe wa mtaa. Nyuma yao, mwenye nyumba. Huyu alikuwa akitafuta siku nyingi sababu ya kumtoa mama barazani, akidai atatuunguzia nyumba. Sasa ameipata. Mama akanitazama kwa macho yenye uchovu kuliko hasira, kisha akawachomelea waya mmoja, waone. Mjumbe alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenye nyumba hakucheka. Aliinyakua bunduki mezani, akapeleka kidole nchani.

"Mzee, bado ya moto hiyo."

"Si umeshazima?"

"Kuzima nimezima. Kupoa haijapoa."

Alikuwa ameshagusa. Mama akamkalisha kwenye kigoda chake, akammiminia maji ya bomba kidoleni, kata baada ya kata, muda mrefu. Mwishowe mzee akasema, "Haya, kaa. Ila ukimaliza uwe unachomoa." Mama akaitikia, kana kwamba hakuwa akichomoa miaka yote ile.

Akakaa. Lakini wateja walipungua, kwanza wa redio, halafu wa pasi na feni. Nakumbuka siku aliyoketi pale tangu asubuhi, bunduki haikuchomekwa hata mara moja. Alasiri alifuta meza iliyokuwa safi, akakunja kitambaa, akaingiza kigoda ndani, asikitoe tena. Hakuna aliyemfukuza.