Gari Lisilokanyaga Tope

Gari la baba mdogo lina bomba la kuvutia hewa, nene kama mkono wa mpiga mieleka, linalopanda ubavuni hadi juu ya paa ili injini isimeze maji likivuka mto. Katika miaka tisa aliyolimiliki, maji mengi zaidi yaliyowahi kuligusa ni ya ndoo ya kuoshea.

Baba mdogo namheshimu, kwa sababu alinilea baba yangu alipofariki. Gari lake siliheshimu, na sioni sababu ya kuficha.

Alikuwa karani wa ghala katika idara ya barabara. Kwa miaka ishirini na sita aligawa matairi, oili na filta kwa ajili ya magari ya watu wengine, akijaza fomu nyuma ya kidirisha huku madereva wakimwita "we karani". Alipostaafu alikwenda kwenye mnada wa magari chakavu ya idara hiyohiyo, akarudi na gari ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiliandikia vipuri. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, lenye magurudumu manne ya kuvuta, mlango mmoja ukifungwa kwa waya. Kwa hilo simlaumu. Mtu aliyekaa robo karne nyuma ya kidirisha ana haki ya kukaa nyuma ya usukani.

Na mwaka wa kwanza alifanya kazi ya maana. Alilipeleka kwa fundi, mama mmoja wa maneno machache mwenye gereji nyuma ya soko la mbao. Walifungua injini pamoja, wakabadilisha pistoni, bushi, springi za nyuma na mabomba ya breki yaliyokuwa yameoza. Jioni baba mdogo alirudi na grisi hadi viwikoni, akala kwa hamu na kulala bila kulalamikia mgongo. Fundi ndiye aliyemwonyesha loki, yaani vile vifuniko vya mviringo katikati ya magurudumu ya mbele. Kwa gari la zamani kama lile, magurudumu ya mbele hayavuti mpaka dereva ashuke, ainame, azungushe loki kwa mkono, upande huu na upande ule, ndipo arudi ndani na kuvuta gia fupi iliyo kando ya ile kubwa.

"Kila mwisho wa mwezi uzizungushe," fundi alimwambia. "Hata kama huendi popote. Chuma kisichotumika kinajisahau."

"Nimekuelewa, mama."

"Na grisi."

"Na grisi."

Kisha akajiunga na chama.

Chama chenyewe ni wanaume kumi na wawili wenye magari ya namna hiyo. Kila Jumapili asubuhi huyaegesha mstari mmoja kwenye kituo cha mafuta, huinua maboneti, wakasimama kuyatazama. Hawaendi mahali. Wanaitana kwa vyeo vya kijeshi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika rungu la mgambo. Baba mdogo alipewa cheo cha Kamanda, akakipokea kwa uso mkavu kama mtu aliyekuwa akikingoja tangu utotoni. Tangu hapo gari likaacha kutengenezwa, likaanza kupambwa. Zikaja taa sita juu ya paa, ambazo mchana hazina kazi na usiku Kamanda hatoki. Springi zilizokuwa nzima zikang'olewa, zikawekwa ndefu zaidi, gari likanyanyuka hata bibi, mama yake mzazi, akawa hawezi kupanda bila kusukumwa kiunoni. Yakaja matairi yenye meno makubwa kama ya trekta, yakawa yanavuma kwenye lami kama nyuki waliochokozwa. Mbele kwenye bampa ikafungwa winchi, ile mashine ya kukunja waya ambayo gari likikwama hujivuta lenyewe kwa kushika mti. Majirani walipita kuisalimia.

Wakati huohuo mke wake, mama yangu mdogo, alikuwa akienda kazini kwa pikipiki za kukodi. Yeye ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyoko juu ya kilima, kilomita kumi na nne kutoka nyumbani, na za mwisho mbili ni udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha huwa sabuni. Miaka tisa amepanda kilima hicho amekunja sketi na kuvaa mabuti ya mpira, mafaili yamo ndani ya mfuko wa nailoni. Ameanguka mara nne. Uani kwake kumeegeshwa gari lililoundwa kwa ajili ya udongo huohuo.

"Gari la porini linaogopa pori?" alimuuliza siku moja mbele yangu.

"Mke wangu, chombo hakikurupushwi. Njia ile itaua shokamzoba."

"Na mimi shokamzoba zangu?"

Kamanda alicheka, akaendelea kupangusa kioo.

Nimesoma hadi chuo, na nimekutana na wasomi wengi wa aina ya Kamanda: mwenye maktaba asiyefungua kitabu, mwenye shamba anayekwenda kulipiga picha. Tunalo hili gonjwa la kuvaa uwezo kama koti. Ila wengi wao angalau hawaui kifaa chenyewe. Kamanda aliua. Mwenzake chamani, muuza rangi ambaye wao humwita Brigedia, alimwambia loki za magurudumu yake zina kutu na zinatia chama aibu. Jumamosi moja wakazipulizia rangi ya fedha, mikono mitano, tabaka juu ya tabaka, wakamalizia kwa vanishi ngumu ya boti. Fundi alizikuta siku alipokuja kubadilisha mkanda wa feni. Alichuchumaa akapitisha ukucha.

"Mmepaka hadi kwenye maungio?"

"Si unaona zinavyong'aa," Kamanda akasema.

"Hata jeneza hung'aa," fundi akajibu, akafunga kisanduku chake cha spana.

Sasa, mwaka huu nilipangiwa kufundisha hisabati katika shule ya mama mdogo, na mwaka huu siku ya mtihani wa kumaliza shule ilikuta mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Karatasi za mtihani hukaa ofisi ya elimu mjini, ndani ya sanduku la chuma lililopigwa lakiri. Mwalimu mkuu na mwalimu mmoja hulisainia asubuhi hiyohiyo, na ni lazima lifike shuleni kabla ya saa nne. Likichelewa hata dakika, kituo kinafutwa na watoto wanarudia mwaka. Watoto wetu walikuwa arobaini na mmoja, na wapo ambao wazazi wao walishasema wazi kwamba mwaka mwingine wa shule hakuna. Kanuni inakataza kulibeba sanduku kwa pikipiki. Gari la ofisi, tulipofika kulisainia, lilikuwa limeinuliwa juu ya jeki bila magurudumu.

Mama mdogo alimpigia mumewe simu.

"Leo sikuombi," alisema. "Leo nakwambia."

Nisimwonee: alikuja. Alikuja hata kwa furaha, amevaa jaketi la chama lenye neno Kamanda kifuani. Lakini alikuja na karatasi ya plastiki iliyoviringishwa, na dakika ishirini nzima zilikwisha akitandika viti na sakafu.

"Viatu mvue," alisema.

Tulivua. Mama mdogo, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, mwalimu mkuu, alipanda gari la mumewe pekupeku akiwa amepakata sanduku.

Kilomita kumi na mbili za mwanzo alituendesha kwa mkono mmoja, akieleza matairi yale yanavyojisafisha yenyewe meno. Mwanzo wa kilima gari likapanda kidogo, likasita, likaanza kurudi nyuma kiubavu. Magurudumu ya nyuma yakazunguka mahali pamoja na kurusha tope hadi kwenye zile taa sita. Kamanda akavuta ile gia fupi. Injini ikanguruma vizuri sana. Magurudumu ya mbele hayakutikisika.

"Loki," nikasema.

"Ndiyo. Zungusha loki."

Nikashuka, tope likanifika kwenye vifundo vya miguu. Nikainama kwenye gurudumu la kwanza. Hapakuwa na kitu cha kuzungusha. Vanishi ilikuwa imejaza kila mwanya, loki na gurudumu vimekuwa kitu kimoja kinachong'aa. Nikaomba bisibisi nikaanza kukwangua.

"Taratibu na rangi hiyo, mwanangu," Kamanda akasema dirishani.

Chini ya vanishi kulikuwa na rangi, na chini ya rangi kutu ya miaka minane. Mama mdogo alitazama saa: saa tatu na dakika ishirini na tano.

"Basi tumia winchi," alisema. "Mti si ule pale?"

Kamanda alishika usukani kwa mikono yote miwili, ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Mume wangu, winchi."

"Haina mota."

"Imeenda wapi?"

"Ilikuja hivyo. Ni ganda."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mama mdogo alimtazama kama mwalimu anayesahihisha jibu ambalo hajui aanzie wapi. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe nyundo. Nizigonge hizo loki. Zikiachia, zimeachia."

Nyundo ilikuwa chini ya kiti cha Kamanda. Aliitoa, akaishika. Niliona macho yake yakienda kwenye zile loki, kwenye mikono mitano ya rangi ya fedha, yakarudi kwa mkewe. Mwanamume aliyegawa vipuri miaka ishirini na sita alijua vizuri kuliko sisi wote kwamba nyundo ndiyo ilikuwa dawa.

"Zitapasuka," alisema. "Tusubiri. Halikosi kupita trekta."

"Trekta la nani?"

"La yeyote."

Mama mdogo hakugombana naye. Hilo lilinitisha kuliko kama angetukana. Aliniambia tu, "Shika upande huo," tukateremsha sanduku.

"Baba mdogo, twende," nikasema. "Watatu tutafika upesi."

"Siwezi kuliacha peke yake. Watachomoa taa."

Kilomita mbili za kupanda, sanduku la chuma lenye vishikio vyembamba vinavyokata vidole. Viatu vyetu vilibaki juu ya plastiki. Mama mdogo aliteleza akapiga goti, akainuka bila kuachia upande wake. Tulibadilishana mikono kila baada ya hatua hamsini, kisha thelathini, kisha ishirini. Nilitaka kusema maneno mengi kuhusu mumewe na nilikuwa nayo tayari, yamepangwa vizuri, ila pumzi sikuwa nayo.

"Usiongee," alisema, kana kwamba ameyasikia. "Hesabu hatua."

Watoto walituona kutoka dirishani, wakasimama wote. Msimamizi wa mtihani, bwana mmoja mwenye miwani, alikuwa mlangoni ameshika fomu ya kufuta kituo. Alikagua lakiri, akatazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika tatu. Akaikunja ile fomu na kuitia mfukoni, akatupatia nyingine tusaini.

Mama mdogo aliketi kwenye ngazi. Goti lilikuwa linavuja damu kwenye tope.

"Mwalimu mkuu, ofisini wameniambia mnaletwa na mzee," msimamizi alisema. "Yuko wapi?"

"Kule chini. Analinda gari."

"Analilinda lisipatwe na nini?"

"Na kazi," mama mdogo alisema, akageuka kwangu. "Niletee maji ninawe mikono. Karatasi za watoto hazishikwi na tope."