Sweta la Lonzell: mfuaji wa jezi za Mabry na herufi iliyochelewa miaka hamsini

Jumatatu saa moja asubuhi, mashine tatu za kufulia zinanguruma chini ya jukwaa la uwanja wa Chuo Kikuu cha Mabry, lakini Verlene Odom hana shughuli nazo. Ameinamia beseni la maji baridi, jezi namba 71 mkononi, anasugua mchirizi wa bluu kwa kitambaa kilicholowa spiriti.

"Hii siyo nyasi. Hii ni kofia ya mtu," anasema bila kuinua uso.

Wapinzani wa Jumamosi walivaa kofia ngumu za bluu, na kila zilipogonga ziliacha chapa. Verlene anaigeuza jezi. Kifuani bluu, mabegani bluu, mgongoni safi. Anatabasamu kama mama aliyeletewa ripoti nzuri ya shule.

"Huyu hakumpa mtu mgongo," anasema. "Jezi ya mwoga huwa inanimalizia kazi mapema."

Verlene ana umri wa miaka 67. Amefua jezi za timu hii tangu mwaka 1983, na kabla yake aliyezifua ni mama yake, marehemu Ozella, katika chumba hikihiki chenye harufu ya sabuni na jasho la vijana. Wachezaji humwita Mama Verlene. Kocha naye humwita hivyo, na akichelewesha soksi chafu hufokewa kama wengine.

Sisi wa Corley, Alabama, tunajidai sana kwa mpira wetu na hatuombi radhi. Ni ule mpira wa Kimarekani, wa pedi za mabega na watu kugongana vifua. Chuo chetu, cha watu weusi, kilichojengwa na kanisa kando ya reli, kilianzisha timu mwaka 1919 kikiwa na mipira miwili na viatu vya kuazima kwa mafundi reli. Mashati yalichovywa rangi ya damu ya mzee kwenye masufuria ya kufulia. Siku ya mechi ya kwanza mvua ikanyesha, rangi ikachuja, na wageni wakarudi kwao wamechafuka rangi yetu tangu kichwani hadi miguuni. Tulifungwa, ingawa ukimsikiliza mzee yeyote wa hapa utadhani tulishinda.

Mwaka 1938 hatukupoteza hata mechi moja. Mwaka 1951 wachezaji walibeba matofali ya uwanja huu kwa mikono yao, huku kina mama wakikaanga samaki kambare kando ya msingi. Halafu, mwaka 1974, historia inakatika.

Inaanza tena 1983. Kila Oktoba, Siku ya Marejeo, wahitimu wanapopita uwanjani kwa makundi ya miaka yao, timu ya 1973 hufuatwa na ya 1983, na mtangazaji hasemi neno. Watoto wetu wamekua wakidhani ndivyo hesabu ilivyo.

Mume wa Verlene, kinyozi Lonzell Odom, ni wa timu ya 1974. Alicheza nafasi ya kati, yule anayeinama mbele ya wenzake na kuurusha mpira nyuma kati ya miguu yake. Kwa miaka yote hiyo, Siku ya Marejeo ikifika, Lonzell alikuwa akifunga duka lake la kunyolea, anarudi nyumbani, anateremsha mapazia na kuwasha redio ya nyimbo za dini mpaka kelele za uwanjani ziishe.

Kilichotokea 1974 kila mtu mzima wa Corley anakijua, ila hakikuwa cha kuongelewa mezani. Siku zile kunywa maji mazoezini kulihesabiwa ulegevu. Bomba la pembeni mwa uwanja lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa kocha msaidizi, Hosea Tarpley. Alasiri moja ya Septemba, joto kali, Lonzell aliomba maji akaambiwa amalize kwanza zamu yake. Hakuimaliza. Alianguka uso chini.

Verlene alikuwa na miaka kumi na saba, amekuja kumsaidia mama yake kukusanya taulo. "Nilidhani anatania. Alikuwa mtu wa utani," anasema. "Nikamwona Kocha Tarpley anapiga magoti, anamchania jezi, anamkumbatia kama mtoto. Ndipo nikajua siyo mchezo."

Lonzell alipona, ingawa figo moja haikupona. Akiwa bado hospitali, wenzake waligoma. Walisema hawavai jezi mpaka kufuli litoke kwenye bomba na uwanjani awepo muuguzi. Wakubwa wa chuo wa wakati ule wakajibu kwamba timu isiyotaka kucheza haina haja ya kuwepo, na wakaifuta. Kwa miaka tisa uwanja ukaota magugu.

Watu wa Corley hawakuwalaumu wakubwa. Waliwalaumu vijana. Waliitwa wale waliotuulia mpira, na Lonzell, ambaye hakugoma kwa sababu hata kusimama alikuwa hawezi, alijiona ndiye chanzo. Verlene aliolewa naye hivyo hivyo, kama asemavyo mwenyewe, "na mpira wake mzima kifuani kama mfupa umekwama."

Mpira uliporudi 1983, bomba halikuwa na kufuli na muuguzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyelipia vitu hivyo.

Hapa ndipo linapokuja suala la sweta. Hapa Mabry, mchezaji aliyemaliza utumishi wake hupewa sweta la damu ya mzee lenye herufi M nyeupe kifuani. Chuo hakigusi jambo hilo. Wenye herufi hukutana Ijumaa kabla ya Siku ya Marejeo, wanapiga kura kwa kunyoosha mikono, na atakayekubaliwa huvishwa uwanjani na mwenye herufi aliyecheza nafasi ileile kabla yake. Mdogo havishi mkubwa. Bila mkubwa wa kukuvisha, sweta linabaki kuwa nguo ya baridi tu.

Herufi zote hizo huzishona Verlene. Amewashonea wachezaji ambao sasa ni wachungaji, wanasheria, na mmoja anayeuza magari ambayo hayafiki mbali. Timu ya 1974 iliombewa kura mara nyingi, na kila mara wazee walisema hawakumaliza msimu. Verlene alikuwa akiyasikia hayo akiwa amebeba sahani za viazi vitamu vya kuoka, maana ndiye pia aliyepika.

Mwaka huu mambo yalibadilika kwa sababu ya joto la Agosti. Mchezaji mmoja mpya alizidiwa mazoezini, na kabla hajafika chini wenzake walikuwa wameshamtumbukiza kwenye pipa la barafu. Baada ya nusu saa alikuwa anaomba soda. Kocha Renard Pettway, mtu wa miaka arobaini aliyezaliwa mbali na hapa, alimkuta Verlene amekaa juu ya kapu la nguo analia, akamuuliza kulikoni. Akasimuliwa.

Pettway anasema hakulala vizuri wiki hiyo. Ijumaa ya mkutano alikuja na wenye herufi wote vijana aliowahi kuwafundisha, watu ambao kwa kawaida hawahudhurii. Verlene aliweka sahani chini akaomba kusema. Hakulaumu mtu. Alisema anaomba masweta kwa wanaume ambao bado wanapumua, na kwamba wengine hawatapumua kwa muda mrefu.

Mikono ikanyooka mingi kuliko viti. Kura ikapita.

Furaha haijatulia, mtu mmoja akauliza Lonzell atavishwa na nani. Waliocheza nafasi ya kati kabla ya 1974 na wangali hai ni mmoja tu, naye alikuwa amekaa safu ya mbele, mikono miwili juu ya mkongojo, hakuwa ameinyoosha. Hosea Tarpley, mwenye herufi ya 1959, mwalimu mstaafu wa hesabu na shemasi wa kanisa la Mlima Nebo. Aliinuka taratibu akatoka bila kuaga.

Kwa hiyo wote wa 1974 wangevishwa, isipokuwa yule aliyesababisha wagome.

Alasiri ile Verlene hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Tarpley. Mzee alikuwa kibarazani, bado amevaa tai. Hakumkaribisha kiti, na Verlene hakukiomba.

"Umekuja kunisema," mzee akamwambia.

"Sikuja kukusema, Shemasi. Nimekuja kukupa saa. Ni kesho saa nane kamili, kabla ya mechi."

Tarpley akaanza kueleza kwamba alifundisha kama alivyofundishwa, kwamba na yeye alinyimwa maji na hakuanguka, kwamba amri haikuwa yake. Verlene anasema alimwacha amalize yote, maana alijua siyo hayo. Mwishowe mzee akaangalia chini.

"Verlene, mwanangu. Huyo mumeo atakubali nimguse?"

Hapo ndipo Verlene alipoelewa kwamba alichokuwa akikiita kiburi kwa nusu karne kilikuwa aibu. Anasema alitamani kucheka na kulia, akaishia kukaa bila kukaribishwa.

Nyumbani, Lonzell alikuwa ameshateremsha mapazia mapema. Alisikiliza habari zote akiwa anakunywa chai yake ya baridi yenye sukari nyingi kuliko anavyoruhusiwa. Verlene alijiandaa kwa ugomvi. Lonzell akaweka glasi mezani.

"Yule mzee ndiye aliyenivua jezi siku ile, akidhani nimekufa," akasema. "Aliyenivua ndiye anivishe. Mwambie asilete perfume yake ile ya kanisani."

Jumamosi, mwandishi wa makala hii alikuwa pembeni mwa uwanja na hataki kujifanya kwamba macho yake yalikuwa makavu. Wazee wa 1974 walitoka kwenye lango la wachezaji, wengine kwa fimbo, mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Mtangazaji akasema, "Timu ya mwaka elfu moja mia tisa sabini na nne." Wala hakuongeza sifa. Jukwaa zima likasimama, na baadhi ya waliosimama ni walewale waliowahi kuvuka barabara ili wasiwasalimu watu hao.

Walivishwa mmoja mmoja. Lonzell alikuwa wa mwisho. Tarpley alikuja akiwa ameshikwa mkono na Kocha Pettway, lakini alipofika alimkabidhi mkongojo akasimama mwenyewe. Kifungo cha kwanza kikamshinda. Lonzell hakumsaidia wala hakuharakisha. Alisimama wima, kidevu juu, anangoja kama kijana.

Kilipoingia kifungo cha mwisho, mzee aliacha kiganja chake juu ya ile herufi. Alisema kitu ambacho sisi wa pembeni hatukukisikia, na Lonzell amekataa kukirudia. Alichojibu yeye tulikisikia, kwa sababu alikisema kwa sauti ya kinyozi.

"Kocha, sasa ninaruhusiwa kunywa maji?"

Kwanza hakuna aliyethubutu kucheka. Aliyecheka wa kwanza ni Tarpley, kicheko kilichomtoa machozi, na wale wazee wote wakacheka naye wakiwa wameshikana mabega, katika joto la Oktoba, ndani ya masweta ya sufu ambayo hakuna aliyetaka kuyavua. Mzee akaenda mwenyewe kwenye pipa, akajaza kikombe, akamletea. Nusu ilimwagika njiani. Lonzell akainywa iliyobaki.

Mechi tulishinda, kama kuna anayeuliza. Wazee wa 1974 waliketi mstari wa mbele na kubishana na mwamuzi kuanzia dakika ya kwanza, kana kwamba walikuwa wameyatunza malalamiko ya miaka hamsini kwa ajili ya siku hiyo. Jioni ilikuwa mbavu za nguruwe, mkate wa mahindi na sukuma wiki nyuma ya magari yaliyoegeshwa, na Lonzell alisimulia mechi ya 1973 mpaka wajukuu za watu wakaanza kusinzia.

Leo, Jumatatu, Verlene anasuuza jezi namba 71 na kuitundika. Mwenye jezi hiyo ni Jarvell Stallworth, wa mwaka wa mwisho, anayecheza nafasi ya kati. Naye ataombewa kura mwakani, na kwa kawaida ya Mabry, mchezaji huchagua mwenyewe amtakaye kati ya wakubwa wa nafasi yake. Jumamosi usiku alimfuata Lonzell pale kwenye mbavu, akavua kofia, akamwomba amvishe yeye.

Verlene alikuwa amepanga kustaafu Desemba. Goti la kushoto linamsumbua, na chuo kimempata mtu wa kushika nafasi yake. Sasa ameahirisha mpaka Siku ya Marejeo ijayo, kwani sweta la Jarvell anataka kulishona yeye.

"Na Lonzell hajui kufunga vifungo," anasema. "Mimi ndiye niliyemfungia shati kila Jumapili tangu tuoane. Anaogopa asije akaaibika mbele ya watu."

Kwa hiyo jana mumewe alianza mazoezi. Baada ya chakula cha jioni anavua sweta lake, anamsimamisha Verlene katikati ya jikoni badala ya Jarvell, na kumvisha. Anamwambia asimame wima, kidevu juu. Anafunga vifungo kimoja kimoja, anaweka kiganja juu ya herufi, kisha anavua na kuanza upya.

Verlene anakausha mikono kwenye aproni. Mashine zimemaliza kuzunguka na chumba kimetulia.

"Nimezishona herufi zile maisha yangu yote," anasema. "Nilikuwa sijui uzito wake zikiwa kifuani. Jana nilimwambia asiwe na haraka ya kunivua."