Kuonja Si Kula

Mtaani walimwita Ulikula Nini. Ofisi ilimpa cheo cha afisa afya, lakini watu walimpa jina la swali lake, maana ukimwambia tumbo linakusokota, hata pole huipati kabla hajatoa kalamu.

Harusi ya shemeji yake ilipolaza watu thelathini na wawili kwa kuharisha na kutapika, kalamu ile ilichelewa kutoka mfukoni. Mpishi alikuwa mama mkwe wake. Mtaa ulikwisha hukumu: ni ile nyama. Mwenye harusi ya wiki ijayo alikwisha tafuta mpishi mwingine, na mama wa watu, miaka ishirini jikoni, alijifungia ndani kwa aibu.

Bwana wetu alizunguka nyumba kwa nyumba siku tatu, akiwahoji wagonjwa na wazima vilevile. Nani alikula wali, nani nyama, nani saladi ya viazi na mayai? Akachora jedwali, akakuna kichwa. Nyama ililiwa na karibu kila mtu, wagonjwa kwa wazima. Aliishuku saladi, ila wagonjwa saba, akina mama waliosaidia jikoni, waliapa hawakuila.

Akaenda kwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Hapana, mama. Kuna wagonjwa saba wananichanganya. Wanasema saladi hawakula."

"Uliwauliza kama walikula. Uliwauliza kama walionja?"

"Si ni kitu kimoja?"

"We baba! Miaka kumi umeoa kwangu, hujui kuonja si kula? Anayekula amekaa, ana sahani. Aliyesimama na kijiko anaonja, hata akimaliza bakuli."

Akarudi kwa wale saba. Wote walionja wakati wa kupakua, mmoja alionja mara nne. Na waliokula nyama bila kugusa saladi, hakuumwa hata mmoja. Nyama haikuwa na kosa! Alirudi kwa mama mkwe karibu anakimbia, fomu mkononi, imebakiza swali moja: nani alikabidhiwa saladi aihifadhi?

"Wewe," mama mkwe alisema taratibu. "Saa nne asubuhi. Nikakwambia, baba, tia kwenye friji."

Akakumbuka. Njiani kwenda kwenye friji aliona wageni wa chai ya asubuhi wananawa ovyo. Akaliweka bakuli mezani, juani, akawapa somo la kunawa mikono, refu, lenye maswali na majibu. Bakuli likakaa palepale mpaka chakula kilipopakuliwa saa tisa. Mkuki kwa nguruwe!

Akaitazama ile nafasi tupu kwenye fomu. Angeweza kuandika "haijulikani". Nani angemhoji mhoji? Lakini jina la mama lingebaki na doa maisha yake yote.

Akaandika jina lake mwenyewe. Mama mkwe akachungulia begani kwake.

"Kwa herufi kubwa, mwanangu," alisema. "Majirani zangu macho yao mabovu."