Mazishi Bila Mhubiri

Shule niliachia darasa la sita, lakini wakati wa kisa hiki nilikuwa na buchari Kilimani na nyingine Kileleshwa, na nyama nilikuwa nachagua mwenyewe machinjioni Dagoretti. Ndiyo maana mteja wangu, mwalimu wa chuo kikuu, alipofariki, kamati ya mazishi ilinifanya mimi mwenyekiti. Wenye digrii walikuwepo, lakini kuongoza mkutano ni kipaji.

Marehemu hakuwa mtu wa kanisa. Nikimkatia mbavu, alikuwa akiniambia binadamu mwenzako anatosha kuwa sababu ya kutenda wema. Nilikuwa nikimwita mpagani, naye akicheka. Alipougua alimwomba mkewe amzike bila mhubiri, naye akaahidi.

Mkutano wa kwanza, kwenye hoteli moja mjini, niliuharibu mwenyewe. Nilisimama nikasema vile tunavyosema Nairobi hata kwa kikao cha kununua kuku: "Tuanze na maombi." Watu wote wakafumba macho isipokuwa mjane. Kaka mkubwa wa marehemu akaipata nafasi.

"Amina. Na mhubiri nishampata."

"Shemeji, nilimwahidi," mjane akasema.

"Unataka tumzike kama mbwa?"

"Mzee," nikamkatiza, "umeona mbwa gani wa kuzikwa na kamati?"

Watu walicheka, yeye hakucheka. Mjane alikuwa anakunja leso yake na kuikunjua. Nikamuuliza yule mzee, "Mama yenu alipolazwa, nani alilala kwenye kiti kando yake?"

"Huyu marehemu."

"Alitumwa na mhubiri?"

Basi nikaamua, na uamuzi wangu huwa haupingwi: wa kuomba waombe nyumbani kwa mzee, makaburini aongee yeyote aliyetendewa jambo na marehemu.

Niliogopa tutakosa wasemaji, nikajiandalia hotuba ndefu, tamu sana. Siku ya mazishi sikupata nafasi ya kuitoa. Akasimama mlinzi wa ploti, akasimama dobi, akasimama mama wa mboga aliyefundishwa na marehemu kusoma ujumbe wa simu. Mwisho akaja yule kaka, kofia mkononi.

"Tukiwa wadogo alinishika shati mto ukinibeba," akasema. "Sikuwahi kumshukuru."

Mjane akachukua koleo, akampa upande mmoja wa mpini, akabaki na mwingine. Udongo wa kwanza wakautupa pamoja.