Mgeni Niliyemwonyesha Nyumba kwa Kidole

Nikiri kwanza: kazi yangu ni kuwatembeza wageni mji wa Maskati, na wageni huwa nawatilia chumvi. Ngome zetu nazipa umri wowote unaonijia mdomoni. Lakini hili ninalokwambia sikuliongeza hata chembe. Laiti ningekuwa nimelizua!

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, saa saba mchana, mwezi wa Julai. Jua kali, mtaa wa Matrah maduka yamefungwa, watu wamelala. Kando ya barabara kasimama bibi mmoja peke yake, kajitanda kanga juu ya baibui, mkononi ana kifurushi cha ukindu.

"Mwanangu," akaniambia kwa Kiswahili cha Unguja, "nnataka kuuona mji."

Nikampakia. Sura yake siijui, sauti yake siijui. Niamini, ningemjua ningeshuka nikambusu mikono. Akakaa nyuma, akawa anasuka ukili, ile mikanda mirefu ambayo mama zetu huishona ikawa mkeka. Nami nikaanza maneno yangu: hapa Ruwi, penye mabenki, hii Khuwair ya Kusini, zamani mchanga mtupu, hapa Mawaleh, soko la matunda.

"Maembe yao matamu?"

"Yanatoka Pakistani, bi mkubwa."

Akacheka kidogo.

Tulipofika Mabela nikajisahau, nikanyoosha kidole. "Ile pale yangu. Naijenga nimlete mama yangu kutoka Unguja."

Miaka sita nilikuwa nikimwambia mama kwenye simu asubiri, nyumba haijaisha. Aje akae chumba cha kupanga, watu waseme nini? Sisi tuliotoka Unguja tuna maradhi hayo, kila mtu anataka aonekane kafika.

"Hunikaribishi?" akauliza yule bibi.

"Humo hamna hata marumaru. Siku nyingine, inshallah."

Nikageuka, kiti kitupu. Gari inakwenda, milango imefungwa, mtu hayupo! Juu ya kiti pana ukili mmoja, mwekundu na kijani.

Jioni dada yangu Zuwena akapiga simu kutoka Unguja. Mama katutoka mchana ule.

"Alikuwa akikusukia mkeka wa nyumba yako," akasema huku analia. "Umebakia ukili mmoja tu."

Nilikwenda msibani na ule ukili mfukoni. Nikauweka ukingoni mwa mkeka: rangi zile zile, upana ule ule. Zuwena akaniangalia, kisha akachukua sindano akaushona.

Kwa nini hakuja na sura yake? Najiuliza mpaka leo. Labda alitaka kujua mwanawe anampokeaje mgeni.

Nyumba imekwisha, ina marumaru mpaka jikoni. Mkeka nimeutandika chumba nilichomjengea yeye, na sijathubutu kuukalia. Wageni bado nawatembeza, lakini Mabela siwafikishi. Naishia Mawaleh, nageuza gari. Inaniuma, ndugu yangu. Mama yangu alifika mlangoni kwangu nikamwambia siku nyingine.

Basi wewe unayejenga huku mzazi wako anasubiri, mlete sasa hivi. Mtandikie gunia juu ya saruji, lakini mwambie karibu.