Mwendo wa Mama

Ukiona mwanamke kwenye filamu anapanda ngazi, usidanganyike, hatua unazosikia si zake. Ni za dada yangu. Kazini walimwita Mama Viatu, kwa sababu chumba chake kilijaa viatu kuukuu, na chini kulikuwa na mbao, zege na changarawe. Picha ilipita ukutani, naye alitembea papo hapo akiifuatisha, sauti ya hatua ikirekodiwa. Lakini hakutembea ovyo. Kwanza aliuliza: huyu bibi harusi anamtaka huyo bwana, au kalazimishwa? Waongozaji walikuwa wanacheka, halafu wanamjibu.

Zamani kampuni za filamu zilikuwa tatu, kila moja na vituko vyake. Kubwa ikaimeza ya kati, na ile ndogo ikajisogeza yenyewe mdomoni. Wakuu wapya wakaamua dada atembee mara moja tu kwa ajili ya filamu zote zijazo: askari, mlevi, mtoto, mwanamke mzee. Hatua ziwekwe akiba, kila filamu ichote humo.

"Mwendo wa mama usiwape," nilimwambia.

Marehemu mama yetu alikuwa anaburuta kandambili ya kushoto, kisha anasita kidogo mlangoni, maana hakupenda kutukuta tukigombana. Dada aliwahi kuutumia mwendo ule kwenye filamu moja tu, na mimi nikalia mbele za watu bila aibu.

Siku ya kurekodi hatua hizo alirudi amenywea. "Nimewapa."

"Wee! Huna haya? Si ungemtembeza hata mama mkwe wako?"

"Nilijaribu. Wakasema huyo si mzee, huyo ni askari." Hakucheka. "Mzee mwingine simjui, mdogo wangu."

Nilimnunia, nikamwambia amemtoa mama sadaka. Na kazi yenyewe haikudumu. Akiba ikishajaa, mtembeaji wa nini tena? Alipoachishwa hasira zikaniisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa mama yuko kila mahali. Leo anauza mboga, kesho ni malkia. Mguuni unaona kiatu cha kisigino, sikioni inaburuta kandambili, na hakuna anayejali. Hata binti yangu mdogo, ambaye hakumkuta bibi yake duniani, huniuliza mbona mabibi wa kwenye filamu wote ni yule yule.

Juzi tulikuwa sebuleni watatu, mimi, dada na binti yangu. Kwenye filamu, mtoto kajifungia chumbani, na muuaji, ajuza mmoja wa kutisha, anapanda ngazi na kamba mkononi. Kandambili ikaburuta. Ikasita mlangoni.

Binti yangu akajifunika uso kwa mto. "Mama, anakuja! Naziogopa hizo hatua!"

Dada akanyanyuka, akazima televisheni, akampakata.

"Usiogope, mwanangu," akamwambia. "Huyo ni bibi yako."

Mtoto akazidi kulia.